Mlango wa Buluu

Yakub alikuwa amekwama mlangoni tangu asubuhi.

“Bado?” Sajini Marcella Adoyo aliuliza, akiweka mkoba wake juu ya kabati la faili.

“Bado, madam. Nimejaribu ufunguo, nimejaribu kisu, nimejaribu hata samaki.”

“Samaki kwenye mlango?”

“Gemu za aina hii lazima ujaribu kila kitu kwa kila kitu. Ndiyo sheria yake.”

Mlango wenyewe ulikuwa kwenye skrini ya kompyuta. Ulikuwa mlango mdogo wa mbao, umepakwa rangi ya buluu, ndani ya sebule ya nyumba ya mabati huko Muhuru Bay. Mbele yake alisimama mama mzee wa kuchorwa, kitambaa kichwani, kikapu mkononi. Konstebo Yakub Mohamednur alibofya mlango. Mama akatembea hadi pale, akasimama, akakaza leso yake kiunoni, kisha akageuka na kurudi katikati ya sebule. Yakub akabofya tena. Mama akaenda, akasimama, akakaza leso, akarudi.

“Ni hitilafu,” Yakub alisema. “Miguu yake imepangiwa njia vibaya. Marehemu hakuimaliza hii kazi.”

Marehemu alikuwa Job Owuor, kijana wa Muhuru Bay aliyefariki mwezi wa nne kwa ugonjwa wa damu aliozaliwa nao. Mamake, Roseline, ndiye aliyefika katika ofisi yao ya upelelezi mjini Migori mwanzoni mwa wiki, flashi ikiwa imefungwa kwenye pembe ya leso. Ndani ya flashi kulikuwa na mchezo wa kompyuta unaoitwa Mizani Imepotea. Mwanawe aliutengeneza kwa miaka mingi, alisema, siku alizokuwa mzima na hata siku alizolazwa. Sasa redio ilikuwa imetangaza kwamba Jumamosi, kwenye maonyesho ya vijana Homa Bay, mchezo huo ungezinduliwa na mtu aliyeutengeneza, Tony Ogada.

Tony alikuwa rafiki ya Job na mwenye ofisi ndogo ya kompyuta pale Homa Bay. Marcella alipompigia simu, hakubabaika. Mchezo ni wake, alisema. Job alipewa nakala aujaribu tu, akaandika jina lake mwanzoni kwa mzaha. Mtu yeyote anaweza kuandika jina. Na laptopu ya Job je, ambayo haikuonekana tangu mazishi? Job aliiuza Rongo, Tony alisema, alipohitaji dawa.

Marcella alikuwa amezunguka maduka ya simu na kompyuta ya Rongo jana yake. Hakuna aliyeikumbuka laptopu hiyo. Lakini kutokukumbukwa na muuza duka si ushahidi wa kitu.

Alichokumbuka yeye ni maneno ya Roseline alipokuwa akiondoka. “Sitaki kingine, nyathina, mwanangu. Nataka jina la mtoto wangu libaki pale alipoliweka.”

“Toka hapo,” Marcella alimwambia Yakub. “Nionyeshe hii kitu inachezwaje.”

“Madam, wewe?”

“Kwani mimi sina vidole?”

Yakub akampisha. Hakukuwa na mengi ya kufunza. Ukibofya mahali, mama anakwenda pale. Ukibofya mtu, mama anaongea naye. Ukibofya kitu kinachobebeka, kinaingia kikapuni. Pasipo na kazi, kishale kinabaki mshale. Penye kitu cha kufanya, kinageuka kuwa mkono.

“Na kesi yenyewe ni gani?”

“Kikundi cha akina mama wauza omena kimepoteza mizani yao. Wanamshuku mmoja wao, Atieno, aliyeachiwa ufunguo. Huyu mama mzee amefika kutoka Rongo kuja kumsafisha jina.”

“Huyu mama ni nani kwa Atieno?”

“Mama tu,” Yakub alisema.

Marcella alianza upya, kutoka ufukweni.

Alikusudia kucheza muda mfupi tu, ili ajue anachokizungumzia. Lakini alipofika kwenye nyavu zilizotandazwa mchangani na omena, wale dagaa wa ziwani, juu yake, alisimama. Aliuliza kama picha imeharibika, maana omena wa upande mmoja walikuwa wamefifia na wa upande wa pili waking’aa fedha. Kisha akaelewa. Wale waliofifia walianikwa mapema. Na pembeni, pale ambapo safu ilikuwa nyembamba, palikuwa na nyayo za ndege.

“Ebu ona,” alisema. “Amekumbuka hadi yangeyange wanaoiba.”

“Hata mimi nilishangaa,” Yakub alisema. “Bofya wale wamama wanaopepeta.”

Akabofya. Soga zao zikakatika mara tu mama mzee aliposogea, kama soga zinavyokatika kweli mgeni akifika. Marcella akamuuliza wa kwanza nani alikuwa wa mwisho kuiona mizani. Mama yule akajibu kwamba hajui, huku akitupa jicho kwa wa pili. Wa pili naye akajibu hajui, akaangalia nyumba ya Atieno. Wa tatu hakuangalia popote. Aliendelea kupepeta omena ambao walikuwa wameshapepetwa.

“Huyu wa tatu anajua,” Marcella alisema.

“Ndiyo, lakini haongei.”

“Hataongea mbele ya wenzake. Ngoja aende kuteka maji.”

Alingoja. Mama wa tatu alipochukua ndoo kuelekea ziwani, Marcella akamfuatisha yule mzee nyuma yake, na huko majini ukatoka ushahidi wote. Siku mizani ilipopotea, kulikuwa na alama ya kitu kizito kilichoburutwa mchangani kuelekea nyuma ya nyumba ya Atieno.

“Mimi nilimbofya pale pale kama mjinga,” Yakub alisema.

“Mimi nimehoji watu miaka mingi na bado nasahau hilo. Huyu kijana alijua kuhoji. Nani alimfundisha?”

Bwana Ochieng, mkuu wa ofisi yao, alipita na kikombe cha chai, akasimama.

“Sajini, serikali inakulipa kucheza?”

“Nakagua eneo la tukio, mkubwa.”

“Eneo lenyewe liko wapi?”

“Muhuru Bay.”

“Mbona viatu havina vumbi?”

Alicheka peke yake, akaondoka. Baadaye alirudi na kiti, akakaa nyuma yao, na hakuulizwa. “Chini ya dirisha,” alisema baada ya muda. “Nyuma ya nyumba. Kuna kitu kinametameta pale.”

Kilikuwa ndoano ya mizani, imelala chini ya dirisha la chumba cha kulala. Marcella akaiweka kikapuni. Alikuwa tayari ameona doa la grisi kwenye shati la Owino, mumewe Atieno. Sasa njia yote ilikuwa wazi. Mizani iliburutwa hadi nyuma ya nyumba, ikapitishwa dirishani, ikafichwa chumbani. Aliyeificha ni mwenye nyumba. Kilichobaki ni kuingia chumbani na kuitoa.

Alibofya mlango wa buluu. Mama akaenda, akasimama, akakaza leso, akarudi.

“Unaona?” Yakub alisema. “Hapo ndipo gemu ilipokufa. Hata huyo Owino amechorwa vibaya. Muangalie alivyokaa.”

Owino alikuwa amekaa sebuleni, bega lake likimwelekea mama mzee, uso ukitazama ukuta. Marcella akamsogeza mama upande wa pili wa sebule ili amwone Owino uso. Owino akageuka, akatazama ukuta mwingine. Akamrudisha mama alipokuwa. Owino naye akageuka tena.

Marcella akatoa mkono kwenye kipanya.

“Hitilafu haiwezi kujua mtu yuko wapi ili imkwepe, Yakub.”

“Sijaelewa, madam.”

“Ulisema huyu ni mama tu. Mama ya nani?”

“Si ya Atieno?”

“Ni ya Atieno. Kwa hivyo kwa Owino ni nani?”

Yakub aliangalia skrini. Bwana Ochieng ndiye aliyeanza kucheka, polepole, akitikisa kikombe.

“Mama mkwe,” Ochieng alisema. “Huyu mzee yuko kwa mkwe wake! Konstebo, tangu asubuhi unamsukuma mama wa watu aingie chumba cha kulala cha mkwewe!”

“Astaghfirullahi,” Yakub alisema, akajishika paji la uso.

“Na anakataa,” Marcella alisema. “Kila ukimsukuma anakaza leso na kurudi. Mlango haujakataa kufunguka. Yeye ndiye amekataa kuingia. Hata kama angejua binti yake atafungwa kesho, humo haingii.”

“Kwetu pia mama mkwe anaheshimiwa,” Yakub alisema. “Mamake Hodan, mke wangu, akija nyumbani kwangu hata redio nazima. Lakini kwa kompyuta, madam, sikufikiria kuna mama mkwe.”

“Kijana wa Muhuru alifikiria.”

Alizungusha kishale sebuleni. Mshale, mshale, mshale. Akamtoa mama nje. Chini ya paa la baraza palikuwa na kiti cha mbao chenye kitambaa cha kufumwa, kile kinachotolewa kwa mgeni. Kishale kikageuka kuwa mkono.

“Hicho nilikibofya,” Yakub alisema. “Alikaa tu. Hakuna kilichotokea.”

“Ukafanyaje?”

“Nikamwinua. Kazi bado ilikuwapo.”

Marcella akabofya kiti. Mama akakaa, akaweka kikapu mapajani, mikono miwili juu ya kikapu. Kwa muda ni kuku tu waliopita. Kisha Atieno akatoka na sahani ya ugali na samaki, akaiweka kwenye kigoda mbele ya mamake, akarudi ndani.

“Chukua!” Yakub alisema. “Kitu kikija, chukua.”

“Toa mkono hapo.”

“Lakini, madam...”

“Konstebo, toa mkono.”

Wakangoja wote watatu. Kivuli cha paa kilisogea kwenye ukuta. Jirani akapita, akasalimu, akaitazama sahani, akaenda haraka. Mwingine akapita, naye akaitazama. Owino akatokeza mlangoni, akaona sahani haijaguswa, akarudi ndani. Akatokeza tena. Mama mzee hakusema neno. Mikono yake ilikaa juu ya kikapu vilevile.

“Mama mkwe kukataa chakula,” Ochieng alisema kwa sauti ya chini. “Boma lote litajua kuna neno.”

Mlango wa buluu ukafunguliwa, kwa ndani. Owino akatoka amebeba mizani kwa mikono miwili, springi yake imekatika ikining’inia. Akainama, akaiweka miguuni pa mama, uso wake pembeni. Maneno yakaandikika chini ya skrini. Aliiazima kupima samaki wake, ikamponyoka ikavunjika, akaona aibu, akamwachia mkewe lawama.

Ndipo kishale kilipokuwa mkono juu ya sahani. Marcella akabofya. Mama akanawa, akamega ugali.

Jina la Job Owuor likapanda juu ya ziwa, polepole, hadi likapotea.

“Nimecheza gemu tangu niko mdogo kule Garissa,” Yakub alisema mwishowe. “Zote unashinda kwa kufungua, kuvunja, kuchukua. Sijawahi kuona unashinda kwa kukaa.”

Ochieng alinyanyua kiti chake. “Sajini, huyo mtoto jina lake lisipotee,” alisema, akaenda zake.

Kupenda mchezo ni jambo moja, kuthibitisha ni wa nani ni jingine. Mchana huo Yakub alidhani amepata.

“Sauti!” alisema. “Yule mama mzee akisalimia ufukweni, ile sauti ni ya Mama Roseline. Ni yeye mwenyewe!”

Marcella akasikiliza tena. Ilikuwa kweli. Akampigia Roseline.

“Ndiyo, ni mimi,” Roseline alisema. “Walinirekodi jikoni kwangu. Job alikuwa ananiambia niseme nini.”

“Alikuwa peke yake, Min Job?” Marcella aliuliza, akimwita mama wa Job kwa Kijaluo.

“Hapana. Tony alikuwapo. Yeye ndiye aliyeshika simu ya kurekodi. Walikuwa wanacheka pamoja. Siwezi kukudanganya, nyathina.”

Marcella alimshukuru, akakata simu. Sauti ya mama ingeweza kuwa ya mchezo wa Job, na ingeweza kuwa ya mchezo wa Tony. Yakub alifuta alichokuwa ameandika.

“Mama mwingine angesema Job alikuwa peke yake,” alisema.

“Ndiyo maana namwamini. Tony ameitoa ile yake ya Jumamosi?”

“Kuna ya kujaribia. Ameiweka kwenye mtandao tangu jana.”

“Ilete. Tuziweke mbili, moja huku, moja kule.”

Walizicheza bega kwa bega, Yakub moja, Marcella moja, hatua kwa hatua. Ufukwe ulikuwa uleule. Omena walewale, nyayo zilezile za ndege. Rangi zilikuwa zimekolezwa kidogo. Walipofika nyumbani kwa Atieno, Yakub aliita kabla ya Marcella. Katika mchezo wa Tony, Owino alimtazama mama mzee machoni. Yakub akabofya mlango wa buluu. Mama akaingia moja kwa moja, akainama, akavuta mizani kutoka chini ya kitanda cha mkwewe. Mchezo ukaisha. Jina la Tony Ogada likapanda juu ya ziwa.

“Bofya kiti cha barazani,” Marcella alisema.

Yakub akarudi nyuma, akabofya. Mshale ulibaki mshale.

Marcella akachukua mkoba wake. “Kesho asubuhi Homa Bay. Mwambie Mama Roseline tutampitia.”

Ofisi ya Tony ilikuwa ghorofa ya kwanza, karibu na soko. Nje ya mlango wake palikuwa na baraza lenye viti vya plastiki vya wateja. Msichana wa mapokezi, Liz, aliwapokea kwa heshima, macho yakirudi kila mara kwenye vitambulisho vyao.

“Mama, karibu ndani,” alimwambia Roseline.

“Hapa pananitosha, nyar wa, binti yetu,” Roseline alisema. Akakaa barazani, kwenye kiti kilichotazamana na dirisha la ofisi.

Marcella hakumlazimisha. Liz akamletea soda, akaifungua, akaiweka kwenye kigoda mbele yake.

Tony Ogada alikuwa kijana mrefu, nadhifu, macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. Aliwapa mkono wote wawili.

“Madam, hii maneno si ilishaisha kwa simu?”

“Ilibaki kidogo. Nimeucheza mchezo wako, Tony. Nimeupenda.”

Uso wake ukafunguka. “Kwa ukweli?”

“Sijawahi kuona kitu kama kile kutoka upande huu. Wale akina mama ufukweni, nimewahoji wenzao maisha yangu yote. Nimekuja nikuulize ulivyofanya.”

“Uliza tu.”

“Wewe ni wa wapi?”

“Watu wetu ni wa Asumbi. Lakini mimi nimezaliwa Nakuru, nimesomea huko.”

“Umeoa?”

“Bado, madam.” Alicheka. “Kwani unanitafutia?”

“Nitakuangalizia. Yakub, weka ule wa zamani.”

Yakub akachomeka flashi ya Roseline kwenye kompyuta yao, akaielekeza kwa Tony. Mama mzee alikuwa tayari sebuleni, kikapu chake kimejaa ushahidi.

“Hii ndiyo nakala uliyompa Job aijaribu?”

“Ndiyo hiyo.”

“Wewe ndiye uliyeiandika yote.”

“Yote.”

“Tumekwama hapo. Tusaidie.”

Tony alichukua kipanya kwa ujasiri, akabofya mlango wa buluu. Mama akaenda, akasimama, akakaza leso, akarudi.

“Ah, hii,” alisema. “Hii ilikuwa bug. Njia ya miguu ilikatika hapo. Kwa hii mpya nimeshaitengeneza, anaingia poa.”

“Na huyu Owino anayeangalia ukuta?”

“Hiyo pia. Alikuwa anageukia upande mbaya. Nimeitengeneza.”

“Kwa hivyo nakala hii ya zamani haina mwisho.”

“Haiwezi kuisha, madam. Mlango haufunguki.”

“Una hakika?”

“Si mimi ndiye niliiandika?”

“Hiki kiti cha barazani ni cha nini?”

“Kiti?” Tony alikitazama. “Mapambo. Kufanya nyumba ikae kama nyumba.”

Marcella akamgeukia Yakub. “Konstebo, mkalishe mama.”

Yakub akabofya. Mama akakaa, akaweka kikapu mapajani, mikono juu yake. Kuku wakapita. Sahani ikaja. Tony alinyoosha mkono kuelekea kipanya, Yakub akakisogeza kando taratibu.

Wakati kivuli kikisogea kwenye ukuta wa mabati, Marcella alizungumza bila kupandisha sauti.

“Huyo ni mama mkwe wa Owino. Hawezi kuingia chumba chake cha kulala. Owino hawezi kumkazia macho. Ulipoona hivyo ulidhani ni makosa, ukarekebisha. Sikulaumu, hata watoto wangu wangedhani hivyo. Lakini aliyeandika mchezo huu hakudhani. Alijenga mchezo mzima juu ya mlango ambao mama haingii. Ulipoufungua, uliuondoa mchezo ukabaki na picha.”

Kwenye skrini mlango wa buluu ulifunguliwa kwa ndani. Owino akatoka na mizani. Tony aliangalia mpaka mizani ilipowekwa miguuni pa mama, mpaka sahani ilipoguswa, mpaka jina la Job lilipopanda juu ya ziwa. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo.

“Inaisha,” alisema.

“Inaisha.”

“Niliurudia ule mlango mara ngapi, nikitafuta mahali alipokosea.” Akajifuta uso kwa kiganja. “Aliniambia nimalizie kazi zilizobaki. Akiwa hospitalini. Nikadhani ni hii ndiyo ilibaki.”

“Zilizobaki zilikuwa gani?”

“Rangi. Sasa naona ilikuwa rangi peke yake.” Alisimama, akakaa tena. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayekumbuka mawakili. “Lakini hii si ushahidi, madam. Ni mila. Kortini nitasema nilisahau. Mtu anaweza kusahau.”

“Anaweza,” Marcella alisema.

Alijua ni kweli. Hakuwa na kibali cha kupekua, na hakimu hangetoa kibali kwa sababu ya kiti kilichochorwa. Nyuma ya Tony kulikuwa na mlango wa stoo, umefungwa. Marcella hakuutazama. Alifunga daftari lake, akamwashiria Yakub azime kompyuta.

“Basi tumemaliza?” Tony aliuliza.

“Sisi tumemaliza.”

Tony alipumua, akageuka dirishani.

Roseline alikuwa barazani, kiti kilekile. Mkoba wake ulikuwa mapajani, mikono miwili juu yake. Soda ilikuwa mbele yake, imejaa hadi shingoni, povu limekwisha zamani. Watu wa ofisi za jirani walikuwa wakipita. Kila aliyepita alimsalimu, akaitazama soda, akatazama mlango wa Tony.

“Hajakunywa,” Tony alisema.

Marcella aliingiza daftari mkobani.

“Liz!” aliita. “Mpe mama soda nyingine, hiyo imeisha gesi.”

“Nimemuuliza, Tony,” Liz alijibu kutoka mapokezi. “Amesema asante, hana haja.”

Tony alisimama dirishani. Alirudi mezani, akapanga kalamu ambazo zilikuwa zimepangika. Akarudi dirishani. Yakub alifungua mdomo, Marcella akamgusa kiwiko, akafunga.

“Nilikuwa nakula kwake,” Tony alisema, akiwa bado amewapa mgongo. “Tukitoka kurekodi. Alikuwa ananiwekea samaki mkubwa kuliko wa Job. Job analalamika, anasema mathe, mtoto wako ni nani hapa?”

Akatoa ufunguo mfukoni. Akafungua stoo, akaingia. Alipotoka alikuwa amebeba laptopu ya zamani, kifuniko chake kimeshikizwa kwa utepe wa gundi. Pembeni kulikuwa na stika ya hospitali yenye jina la mgonjwa. Aliibeba kwa mikono miwili. Alipita mbele ya maofisa wawili kama hawapo, akatoka barazani, akainama, akaiweka mapajani pa Roseline, juu ya mkoba.

“Hakuiuza, mama,” alisema. “Aliniachia. Kila kitu kimo, tangu mwanzo. Kesho nitasimama mbele ya watu niseme ni ya nani.”

Hakuweza kumtazama. Uso wake ulikuwa umeelekea ukuta.

Roseline alifungua kifuniko kidogo, akakifunga, akapitisha kidole juu ya stika. Marcella alikuwa amesimama mlangoni. Aliitazama ile mikono, na kile kiti, na akajua kijana wa Muhuru alifunzwa na nani.

“Min Job,” alisema, “umewahi kuuona mchezo wake wenyewe?”

“Mimi? Hapana. Aliniambia niongee tu, nikaongea.”

“Na hii soda, nani alikuambia usiinywe?”

Roseline alimshangaa. “Kuna mtu wa kuniambia? Ningekunywaje, na kitu cha mtoto wangu kiko ndani huko?”

Akaikumbatia laptopu kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akachukua chupa, akamtazama Tony aliyekuwa bado ameinama.

“Keti, wuoda, mwanangu,” alimwambia. “Usisimame juani.”

Kisha akanywa.